Sauti Isiyopendeza Iliyosifiwa Kuliko Zote: Maria Callas na Wahakiki Wake

Ukisoma yaliyoandikwa na wahakiki wa opera, yaani tamthilia inayoimbwa, kuhusu Maria Callas utakutana na jambo linalotatiza. Watu walewale wanaomweka juu ya masoprano (waimbaji wanawake wa sauti ya juu) wote wa karne ya 20 ndio wanaokiri, tena bila kuulizwa, kwamba sauti yake haikuwa nzuri. Rodolfo Celletti, Mwitaliano aliyezichambua sauti za waimbaji kwa undani ambao ni wachache wameufikia, aliandika kwamba ukiichukua sauti ile kama mlio mtupu, ilikuwa na ubaya ndani yake: nene, kavu, kama ardhi iliyokosa mvua. Kisha akaongeza kwamba sehemu ya mvuto wa Callas ilitokana na ubaya huohuo.

Msomaji ana haki ya kushangaa. Mwimbaji anasifiwaje kwa sauti mbaya? Je, wahakiki walikuwa wakimvisha kilemba cha ukoka kwa sababu alikuwa maarufu? Hapana. Maoni hayo mawili hayapingani hata kidogo, ila yanazungumzia vitu viwili tofauti, na wahakiki mara nyingi huviandika katika sentensi moja bila kuvitenganisha. Kimoja ni uzuri wa sauti kama sauti. Kingine ni kile ambacho sauti inafanya: namna noti inavyobeba maana, mpaka msikilizaji asiyejua neno la Kiitaliano anamwelewa mwanamke aliye jukwaani kama anavyomwelewa jirani yake anayelia upande wa pili wa ukuta. Callas alisifiwa kwa hicho cha pili, na ili tuone ukubwa wa sifa hiyo inabidi tuanze na kazi yenyewe ya soprano.

Wengi wetu tumekutana na soprano kwenye kwaya ya kanisani au ya shule: safu ya akina mama na wasichana wanaobeba sauti ya juu, na mmoja akiyumba wenzake wanamfunika. Kwenye opera soprano hana wa kumfunika. Anasimama peke yake mbele ya okestra ya watu sitini, sabini au zaidi, katika ukumbi kama La Scala wa Milano unaochukua watu karibu 2,000, bila maikrofoni. Aliyenunua tiketi ya bei ya chini kabisa, akakaa juu karibu na dari, anatakiwa amsikie hata anaponong'ona.

Hilo linawezekana kwa sababu ya umbile la sauti. Okestra humwaga nguvu yake nyingi kwenye eneo la chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda nguvu hiyo inapungua. Ikifika karibu na mitetemo 3,000 imeshakuwa hafifu. Mwimbaji wa opera hutumia miaka mingi kujifunza kulipanga koo lake ili sauti ipate nguvu ya ziada papo hapo okestra inapodhoofika, na hivyo ipenye bila kupiga kelele. Soprano anapopanda kwenye noti za juu hutumia njia nyingine: hufungua taya na kuipanga nafasi ya kinywa ili mwangwi wake ulingane na noti anayoimba. Noti ya C ya juu, ile ambayo mashabiki huisubiri kwa hamu, ina mitetemo zaidi ya 1,000 kwa sekunde. Akiwa huko juu irabu zote huanza kufanana. I inasikika kama a, na u vilevile. Si uzembe wa mwimbaji, ni fizikia. Ndiyo maana mhakiki akiandika kwamba kila neno la soprano lilisikika, ametoa sifa nzito kuliko inavyoonekana, na ndiyo maana pia wasikilizaji wengi wameridhika kwa vizazi na soprano anayetoa mlio mtamu usio na neno ndani yake.

Mhakiki anayekaa ukumbini ana mengi ya kupima kwa wakati mmoja. Je, noti zinaanguka mahali pake? Zinaungana kwa pumzi moja bila mshono? Mwimbaji anapita vipi kwenye vile vifungu vya mbio vyenye noti kumi au ishirini kwa silabi moja? Anaweza kuanza noti kwa sauti ndogo, akaikuza, kisha akaipunguza bila kutetereka? Sauti ya kifuani na ya kichwani zinakutana vizuri, au kuna mahali zinagongana? Kwa Callas zilikuwa zikigongana, na kila mtu alisikia. Wasikilizaji wa zama zake walisema ana sauti tatu: ya chini nzito na ya giza, ya katikati iliyofunikwa kama ya mtu anayeimba ndani ya chupa, na ya juu kali yenye ncha. Soprano wa kawaida angehesabiwa kuwa hajamaliza mafunzo.

Tatizo ni kwamba Callas alikuwa amefunzwa vizuri kuliko karibu wote waliokuwa wakimzunguka. Alizaliwa New York Desemba 1923 kwa wazazi Wagiriki, akahamia Athens akiwa msichana, na huko akaangukia mikononi mwa Elvira de Hidalgo, soprano Mhispania wa mtindo wa zamani. De Hidalgo alimfundisha mwanafunzi huyu mwenye sauti kubwa mazoezi ya waimbaji wa sauti ndogo: mbio, mitetemo ya noti mbili, ngazi za kupanda na kushuka kwa kasi. Callas alikuwa akifika darasani asubuhi na kubaki mpaka jioni akisikiliza wanafunzi wengine wote. Kwa hiyo alipoanza kazi Italia, kwenye uwanja wa wazi wa Verona mwaka 1947, alikuwa na kitu ambacho hakikuwa na jina sokoni: sauti nzito iliyoweza kukimbia.

Miaka miwili baadaye kilipata jina. Januari 1949, katika ukumbi wa La Fenice, Venice, Callas alikuwa akiimba nafasi ya Brünnhilde katika Die Walküre, opera ya mtunzi Mjerumani Wagner, kwa Kiitaliano kama ilivyokuwa desturi ya Italia siku hizo. Brünnhilde ni kazi ya mabavu, inataka kifua na uvumilivu. Katika ukumbi huohuo ilikuwa imepangwa I puritani ya Bellini, na soprano wake, Margherita Carosio, akapatwa na mafua makali. Nafasi ya Elvira katika opera hiyo ni kinyume kabisa cha Brünnhilde: sauti nyepesi, vifungu vya mbio, noti za juu zinazoelea. Kondakta wa okestra, Tullio Serafin, akaamua Callas aichukue. Alikuwa na siku chache tu za kujifunza nafasi ambayo hakuijua, huku akiendelea kuimba Wagner. Tarehe 19 Januari akapanda jukwaani kama Elvira, akatia fora. Habari zikazagaa Italia nzima, na ni rahisi kuelewa kwa nini: kwa mtu wa fani hii, kuimba nafasi hizo mbili katika mwezi mmoja kulikuwa sawa na mkimbiaji mmoja kushinda mita 100 na marathoni.

Hapa wahakiki waligawanyika, na mgawanyiko huo ndio moyo wa jambo lote. Wengine waliona ni kioja, kazi ya kushangaza watu. Waliosoma historia waliona kitu kingine. Nafasi kubwa za watunzi Waitaliano Bellini na Donizetti, kama Norma na La sonnambula za mwaka 1831 na Anna Bolena ya 1830, zote ziliandikiwa mwimbaji mmoja, Giuditta Pasta. Na Pasta hakuwa na sauti laini iliyosawazishwa. Mwandishi Mfaransa Stendhal, katika kitabu chake cha 1824 kuhusu mtunzi Rossini, alieleza kwamba sauti ya Pasta haikuwa ya madini ya aina moja, na kwamba tofauti hizo za rangi ndizo zilizompa uwezo wa kueleza hisia ambazo sauti safi isingeweza kuzieleza. Weka maneno hayo karibu na ya Celletti juu ya Callas, yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Ni sifa ileile. Mhakiki mwingine wa Italia, Teodoro Celli, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba sauti ya Callas ilikuwa imetoka karne nyingine, na kwa maoni yangu hakuna aliyeeleza vizuri zaidi yake.

Kwa sababu katika miaka iliyopita kati ya Pasta na Callas, nafasi zile zilikuwa zimebadilika tabia. Zilikuwa zimeangukia kwa masoprano wenye sauti nyepesi na nzuri, walioimba vifungu vya mbio kama mapambo, na ukumbi ukapiga makofi kwa ustadi. Opera zenyewe zikaonekana za kitoto, na nyingi zikatupwa kabatini. Callas alipoziimba, mbio zilirudi kuwa usemi. Katika Lucia di Lammermoor ya Donizetti, bibi harusi anamchoma kisu mume aliyelazimishwa kuolewa naye, kisha anatoka mbele ya wageni akiwa amerukwa na akili. Muziki wa hapo umejaa noti za haraka zinazopanda na kushuka. Kwa soprano wa mapambo, noti hizo ni shanga. Kwa Callas ni mawazo ya mtu asiyeweza tena kumaliza wazo moja. Septemba 1955 aliiimba Berlin chini ya kondakta Herbert von Karajan, na rekodi ya usiku ule ipo: utasikia ukumbi ukilazimisha kifungu cha waimbaji sita kirudiwe papo hapo.

Baada ya hapo opera zilizokuwa kabatini zikaanza kutoka. Joan Sutherland, aliyeimba nafasi ndogo ya Clotilde pembeni ya Callas katika Norma ya London mwaka 1952, na Montserrat Caballé, aliyepata umaarufu ghafla New York mwaka 1965 kwa Lucrezia Borgia, walijenga kazi zao juu ya njia iliyokuwa imefunguliwa. Kwa hiyo sifa za wahakiki kwa Callas zilibadilisha hata orodha ya opera zinazoonyeshwa duniani. Ni nadra sana sifa za magazetini kuwa na matokeo ya namna hiyo.

Lakini kuna noti moja ambayo kwangu inaeleza yote haya kuliko historia ndefu.

Katika tendo la mwisho la La traviata ya Verdi, Violetta anakufa kwa kifua kikuu. Amesoma barua, amejitazama kwenye kioo, amejua muda umekwisha. Anaimba kuaga mambo yaliyopita, na wimbo unaishia kwenye noti ya A ya juu, ambayo Verdi ameagiza iimbwe kwa uzi wa sauti. Masoprano wengi huimba hapo noti laini, nzuri, ya kupimwa. Callas, katika onyesho la London la tarehe 20 Juni 1958, aliiacha noti hiyo iwe nyembamba kiasi kwamba inatetemeka, inakaribia kukatika, kama pumzi ya mgonjwa isiyofika mwisho wa sentensi.

Baadhi ya waandishi walisema sauti ya Callas imechoka. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo baadaye katika mahojiano: alikuwa ametafuta kwa miaka namna ya kuipa sauti ya Violetta ugonjwa, kwa sababu Violetta ni mgonjwa, kuimba kwa uchovu wa namna ile kunahitaji koo safi na pumzi inayotawaliwa barabara, na waliosema amechoka walikuwa wametaja hasa kile alichokuwa akijitahidi wakisikie. Yaani lawama na sifa zilikuwa za sauti ileile, sekunde zilezile. Aliyemlaumu alisikiliza noti. Aliyemsifu alimsikiliza Violetta. Na wote wawili walisikia sawasawa. Kuanzia hapo swali linakuwa: opera ni ya nini? Mimi niko upande wa wanaomsikiliza Violetta, ila nakubali kwamba si kila noti yenye kutetemeka ya Callas ilikuwa ya makusudi. Mwaka 1958 sauti yake ilikuwa imeshaanza kweli kulegea huko juu, na ukuu wake siku ile ulikuwa kuitumia hitilafu iliyokuwepo mahali ambapo mchezo wenyewe uliihitaji.

Sifa za wahakiki hazikuishia kwenye sauti, maana huyu alikuwa mtu wa jukwaa. Hapo tena La traviata inasaidia. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1853 ilianguka, na moja ya sababu zilizosimuliwa ni mwili wa soprano, Fanny Salvini-Donatelli. Aliimba vizuri, lakini alikuwa mwanamke mnene, na ukumbi ulicheka daktari alipotangaza kwamba anakufa kwa ugonjwa unaokausha watu. Kwa miaka mia moja baadaye jibu la opera lilikuwa kwamba sauti ndiyo kila kitu, macho yavumilie. Callas mwenyewe alianza akiwa mzito. Kati ya mwaka 1953 na 1954 alipungua zaidi ya kilo 30, na magazeti hayakuacha kulizungumza. Huwa inaudhi kusoma makala za wakati ule zinazoushughulikia mwili wake kuliko kazi yake. Ukweli uliomo ndani ya kelele zile ni mdogo lakini ni muhimu: alitaka uso na mwili uweze kucheza, na baada ya hapo mwongozaji Luchino Visconti akapata mtu wa kufanya naye kazi.

Tarehe 28 Mei 1955, La Scala, Visconti na kondakta Carlo Maria Giulini walifungua La traviata yao. Kulikuwa na majuma ya mazoezi ya uigizaji, jambo lisilo la kawaida kwa opera wakati huo. Giuseppe Di Stefano, aliyeimba Alfredo, mpenzi wa Violetta, alichukizwa na utaratibu wote na akaondoka baada ya onyesho la kwanza. Mwisho wa tendo la kwanza, wageni wa karamu wakiwa wameondoka, Violetta wa Callas alivirusha viatu vyake na kubaki na soksi, kabla ya kuimba kwamba atabaki huru daima. Katika tendo la mwisho alijitahidi kuvaa koti na kofia ili atoke na Alfredo, akafa amesimama, macho wazi. Wahakiki kadhaa waliwaka. Waliona viatu vile ni matusi kwa Verdi. Wengine waliandika kwamba hawajawahi kuona opera ikichezwa namna ile. Leo, wanawake wanaoimba Violetta huvua viatu bila mtu kushtuka, na sidhani kama wengi wao wanajua kwamba jambo hilo liliwahi kuwa ugomvi magazetini.

Ukiangalia maelezo ya waliokuwepo, jambo linalorudiwa si wingi wa vitendo vya Callas bali uchache wake. Alisimama. Alitulia muda mrefu, kisha mkono mmoja ukainuka na ukumbi mzima ukauangalia. Alisema amejifunza kwa Serafin kwamba anayetafuta kitendo asikilize muziki, kwani mtunzi ameshakipanga mle, na hilo ndilo alilowakazania wanafunzi wa chuo cha muziki cha Juilliard, New York, alipofundisha huko mwaka 1971 na 1972. Tena alikuwa na macho mabovu. Jukwaani, bila miwani, hakumwona kondakta, kwa hiyo ilimbidi aingie akiwa na kila kipimo cha muziki kichwani, si chake tu bali cha wenzake pia. Naamini utulivu ule uliosifiwa sana ulitokana kwa kiasi fulani na hapo: mtu asiyetegemea ishara ya fimbo ya kondakta hageuzi shingo kuitafuta.

Je, tunaweza kuyahakikisha haya sisi ambao hatukuwepo? Kwa sehemu tu. Hakuna opera hata moja nzima ya Callas iliyopigwa filamu jukwaani. Tulichonacho ni sauti nyingi, zikiwemo kanda zilizorekodiwa ukumbini bila ruhusa, na picha za vipande vichache. Kimoja cha vipande vikubwa ni tendo la pili la Tosca ya Puccini, lililorekodiwa katika ukumbi wa Covent Garden, London, Februari 1964, Tito Gobbi akiwa mkuu wa polisi Scarpia. Kitafute ukitazame. Scarpia anamtesa mpenzi wa Tosca chumba cha pili na anataka mwili wa Tosca kuwa malipo ya uhai wake. Tosca anakubali, na Scarpia anakaa kuandika hati ya safari. Callas anasogea mezani kunywa mvinyo, kwa uchovu wa mtu aliyeshindwa. Anaipeleka glasi mdomoni. Jicho lake linakiona kisu. Hafanyi lolote kubwa. Mwili unasimama tu pale ulipo, glasi bado mkononi, na unaliona wazo likimwingia kabla hajaamua kulifuata. Sauti yake mwaka huo ilikuwa imechakaa kwelikweli, na noti za juu zinakwaruza. Ukimaliza kutazama ndipo utaelewa kwa nini wahakiki wa London, waliozisikia kasoro zote hizo, waliandika sifa walizoandika.

Inabidi pia kutenganisha sifa na kelele, kwa sababu Callas aliandikwa na watu wa udaku kuliko wahakiki. Kulikuwa na uhasama uliokuzwa kati yake na Renata Tebaldi, soprano mwenye sauti nzuri kwa maana ya kawaida ya neno hilo, na mashabiki wa pande hizo mbili walizomeana kwenye roshani za La Scala kama mashabiki wa timu za mji mmoja. Kulikuwa na makundi ya wapiga makofi wa kulipwa, desturi ya zamani ya kumbi za Italia, ambao wangeweza kumharibia mwimbaji usiku wake. Januari 2, 1958, mjini Roma, akiwa mgonjwa, aliacha Norma baada ya tendo la kwanza mbele ya Rais Giovanni Gronchi, na magazeti yakamchana kana kwamba ameitukana nchi. Mtu anayesoma maandishi ya miaka ile lazima ajiulize kila mara: huyu anaandika juu ya onyesho, au anaandika juu ya mwanamke asiyempenda?

Kelele hizo zilimfuata hadi jukwaani, na kuna usiku mmoja alizijibu akiwa ndani ya muziki. Desemba 1961 aliimba Medea ya Cherubini, La Scala. Medea ni mwanamke aliyemwachia mumewe kila kitu kisha akaachwa. Mapema katika onyesho watu wa juu walianza kumzomea. Alipofika mahali Medea anapomwita mumewe, Giasone, mkatili, neno hilo linakuja mara mbili. Waliokuwepo wamesimulia kwamba la kwanza alilimwimbia Jon Vickers, aliyekuwa Giasone. Kisha akanyamaza, akageukia ukumbi, na la pili akawaimbia wao, akaendelea na maneno yanayofuata ya Medea, kwamba amempa kila kitu, akiwa bado anawatazama. Kuzomea kukakoma. Hakuongeza hata neno moja ambalo halikuwa kwenye nakala ya Cherubini.

Baada ya hapo maonyesho yalikuwa machache. Mei 1965, Paris, hakuweza kumaliza Norma, nafasi aliyoiimba jukwaani karibu mara 90. Julai mwaka huo akaimba Tosca moja London na hakurudi tena kwenye opera ya jukwaani. Alikuwa na miaka 41. Kwa nini sauti iliisha mapema hivyo, hoja ni nyingi: wengine wanalaumu kupungua uzito kwa haraka, wengine wanalaumu nafasi nzito alizoimba akiwa kijana mno. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu yumbo la noti za juu linasikika katika baadhi ya rekodi za kabla hajapungua. Alifariki Paris, Septemba 1977.

Leo kila mwaka au miwili mtu fulani anaandika kwamba amepatikana Callas mpya, na mara nyingi anayesifiwa hivyo ni dada mwenye sauti nzuri, laini, isiyo na mshono. Ni sifa iliyokosea njia. Anayetaka kuipima mwenyewe aanze na Tosca ya studio ya mwaka 1953, chini ya Victor de Sabata, ambako sauti bado ina afya, halafu aende kwenye La traviata iliyorekodiwa Lisbon, Machi 1958. Katika tendo la pili baba yake Alfredo anamwomba Violetta amwache kijana wake, ili binti yake mdogo aweze kuolewa bila aibu. Violetta anakubali. Kabla ya kuanza kumtumia salamu yule binti kuna "Ah" moja inayoning'inia peke yake, okestra ikiwa imekaribia kunyamaza. Callas anaishika kwa sauti ndogo sana, kisha anateremka nayo taratibu kwenye maneno. Rudia sekunde hizo mara mbili au tatu, halafu mtafute soprano mwingine yeyote unayempenda akiimba pale pale, usikilize ni wakati gani hasa Violetta anakata tamaa.